Mwalimu, mbona grenda inaniua vidole?

Toleo lililopita nilikuwa namjibu mama mmoja wa Himo ambaye mwanae alikatwa na kioo kiganjani, na katikati ya maelezo nikachomekea sentensi moja tu, kwamba huko maabara watu wameshatikisa seli za neva, yaani mishipa ya fahamu, kwa mtetemo mdogo na nyuzi zake zikarefuka. Sentensi moja jamani. Tangu hapo simu haijapumzika. Kuna msomaji kanitumia mpaka picha ya tangazo la duka moja mjini Arusha, wanauza mashine ya kusimama juu yake inatetema, na chini wameweka sentensi yangu na jina la gazeti, ila wamekata pale niliposema "kwenye sahani ya maabara". Haya, nimelikoroga nalinywa, mwezi huu ukurasa wote ni mtetemo. Na kwa mara ya mia, mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Moshi, msiniite dokta, dokta yuko hospitali.

Mwalimu habari. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha Unga Limited, Arusha, mwaka wa 11 huu nashika grenda. Tangu mwaka jana nikiamka asubuhi vidole vya mkono wa kushoto ni kama sio vyangu, na mwezi wa saba baridi ikipiga vinakuwa vyeupe kabisa kama nimeshika unga, nikivitia kwenye maji ya uvuguvugu vinarudi vinawaka moto. Wengine wananiambia ni mambo ya watu. Sasa wewe umeandika mtetemo unakuza mishipa ya fahamu, mbona mimi unaniua?

Fundi pole sana, na hakuna aliyekuloga. Hicho ulichokiandika kipo kwenye vitabu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1918 kuna daktari wa Marekani anaitwa Alice Hamilton alienda wakati wa baridi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya Bedford, jimbo la Indiana, akawakuta wachonga mawe wanaotumia nyundo za upepo wana vidole vyeupe vimekufa ganzi, na mkono wa kushoto ndo ulikuwa umeumia zaidi, maana kulia kunashika nyundo na kushoto kunashika patasi, yaani kushoto ndo kunakula mtetemo wenyewe. Nilipofika kwenye "mkono wa kushoto" katika meseji yako nikaiweka simu chini kidogo. Nahisi wewe kulia unashika swichi na kushoto unashika kile kishikio cha pembeni, au kama mafundi wengi ninaowaona, kishikio ulishakitoa siku nyingi kwa sababu kinakuzuia kwenye kona, unashika kichwa cha grenda hivyo hivyo.

Yanayoendelea humo ndani ni mambo mawili kwa pamoja. Weupe ni wa damu, vijishipa vya damu vya vidole vimejifunza kubana, baridi kidogo tu vinafunga mlango. Ganzi ni ya neva zenyewe. Majaribio ya panya yameonyesha mtetemo mkali unafanya maji yajae ndani ya mshipa wa neva, unavimba ndani kwa ndani, na ukiendelea ile ala ya mafuta inayozunguka uzi wa neva, inaitwa myelini, inaanza kuchubuka, sawa na waya unaotikiswa kila siku pale pale unapoingia kwenye plagi mpaka plastiki inapasuka na redio inaanza kukoroma. Mwisho wanakufa wapokeaji wenyewe wa mguso walioko kwenye ncha za vidole.

Sasa "mbona mimi unaniua". Kwa sababu ni dozi, fundi. Wazungu wanaupima mtetemo wa mkononi kwa mita kwa sekunde ya mraba, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inasema kwa siku ya kazi ya saa 8 ukifika 2.5 mwajiri lazima aanze kuchukua hatua, na 5 ndo ukuta, hupiti. Grenda nyingi zinaanzia kama 4 kwenda juu, na hapo jiwe ni zima, halijaliwa upande mmoja wala halijapinda. Alafu hesabu yake ni katili, mtetemo ukiongezeka mara mbili muda wako haupungui nusu, unapungua mpaka robo. Mashine ya 5 unaweza kuishika saa 8, ya 10 ni saa 2 tu na umeshamaliza siku yako. Wewe na mageti ya harusi za Desemba unashika ngapi?

Cha kufanya: rudisha kile kishikio, jiwe lililopinda litupe hata kama halijaisha, usiikabe grenda kama unamnyonga mtu maana unavyoikaba ndivyo inavyokuingia, mpe kijana wako nusu ya kazi na yeye asirithi ugonjwa, asubuhi za Juni na Julai vaa glavu za joto na unywe chai kabla hujawasha, na kama unavuta sigara hiyo nayo inabana mishipa ile ile. Alafu nenda hospitali, na ukifika usiseme tu "vidole vinakufa ganzi", sema "natumia grenda miaka 11", la sivyo utarudi na vitamini. Ukitaka kujipima kabla, weka mfukoni sarafu ya mia, ya mia mbili na kifungo cha shati, utoe kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto bila kuangalia useme ni kipi. Ukikosea kosea, kesho usifungue kibanda, nenda.

Na uelewe kitu kimoja kuhusu kupona. Neva ya mkononi ikikatika inaota tena kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati tuseme sentimita 18, hiyo ni miezi sita, na hapo njia yake iwe haijaharibika na mkono umepumzishwa. Weupe mara nyingi unapungua mtu akiacha mashine. Ganzi ni mbishi zaidi, iliyokaa muda mrefu huwa haiondoki yote. Ndo maana nakwambia sasa hivi na sio baada ya msimu wa harusi.

Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita PCB hapa Moshi. Swali langu, seli ya neva haina masikio, inajuaje kwamba inatikiswa? Na hata ikijua, kwa nini irefuke?

Marahaba mwanangu, hili ndo swali nililolipenda mwezi huu, ukiona nimelirefusha nisamehe.

Anza na ncha. Uzi wa neva unaokua haurefuki kama ukucha, kwa kusukumwa kutoka nyuma tu, una kichwa mbele kinachotafuta njia. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alikiona mwaka 1890 kwenye kiinitete cha kuku, lakini yeye aliangalia tishu iliyokufa na kupakwa rangi, kwa hiyo watu waliendelea kubishana mpaka 1907 ambapo Ross Harrison huko Marekani alichukua kipande cha neva cha kiinitete cha chura akakining'iniza kwenye tone la limfu, yale majimaji ya mwilini, na kuangalia kikiwa hai, uzi ukaota mbele ya macho yake. Ukibahatika kukiona kwenye darubini ni kama kiganja kidogo chenye vidole vyembamba, kidole kimoja kinanyooka kinapapasa, kinashika sakafu, kinavuta, kingine kimekosa pa kushika kinarudi ndani, alafu kiganja kizima kinasogea kidogo. Yaani kinakwenda kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Umeona hapo? Kushika na kuvuta. Seli ya neva inaishi kwa kuvutana na sakafu yake tangu mwanzo, nguvu sio kitu kigeni kwake. Mwaka 1984 Dennis Bray alikamata seli za neva za kuku kwa sindano nyembamba akazivuta polepole kwa mota, na badala ya kukatika zikatoa uzi ukawa unarefuka unamfuata. Na wala hatuhitaji sindano, wewe mwenyewe ulipozaliwa neva ya mguu ilikuwa imeshafika kwenye kidole gumba, alafu mguu ukarefuka miaka 18 na neva ikavutwa nayo, haikukatika ikaunganishwa upya kila mwezi. Ukienda pale Hifadhi ya Arusha muangalie twiga. Neva ya koo lake inatoka kwenye ubongo, inashuka shingo yote mpaka karibu na moyo, inazunguka mshipa mkubwa wa damu, inapanda tena mpaka kwenye koo, kwa mkubwa inapita mita 4. Yote hiyo ilianza fupi fupi tumboni ikavutwa.

Inajuaje sasa. Kwenye ngozi ya seli kuna vijilango vya protini, na vingine havifunguliwi na kemikali wala umeme, vinafunguliwa na kuvutwa kwa ngozi yenyewe. Vilivyo maarufu ni Piezo1 na Piezo2, vilitangazwa mwaka 2010 na watu wa maabara ya Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut anayefanya kazi Marekani. Walikuwa na seli inayotoa umeme kidogo ukiidonoa, wakaandika orodha ya jeni 72 zinazoshukiwa, wakawa wanazima moja wanadonoa, wanazima nyingine wanadonoa, mpaka wakapata moja ambayo ukiizima seli haistuki tena. Mwaka 2021 akapewa Nobel pamoja na David Julius. Kijilango kikifunguka kalsiamu inaingia, na kalsiamu kwenye ile ncha ni kama kiongozi wa gwaride, kiasi fulani inasema songa, ikizidi inasema simama au rudi. Kwa hiyo mtetemo ni kufungua na kufunga hivyo vijilango mara nyingi.

Lakini usikimbilie kusema Piezo inakuza neva. Mwaka 2019 kuna kazi ilitoka ya nzi wa matunda na panya, walipoiondoa Piezo neva zilizokatwa ziliota vizuri ZAIDI. Yaani kwa hali ile kile kijilango kilikuwa breki. Nimekuwekea hapa kwa makusudi, ukiandika insha usiiruke.

Zile seli za kwenye sentensi yangu iliyoniletea kesi mara nyingi zinakuwa PC12, zilitolewa kwenye uvimbe wa tezi juu ya figo ya panya, zipo tangu 1976. Sio neva kamili. Ukizimwagia kile kichocheo cha ukuaji wa neva walichokipatia Nobel Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen mwaka 1986, zinaacha kugawanyika zinaanza kutoa nyuzi, ndo maana watu wanazipenda. Sahani ikitikiswa kwa mwendo mdogo sana, mwingine mdogo kuliko unene wa unywele, kwa muda maalum, kuna mitetemo inayorefusha nyuzi, kuna ambayo haifanyi kitu, na ukizidisha seli zinabanduka kwenye sakafu zinaelea, na neva inayoelea haina pa kushika. Hapo ukurasa wako wa maabara umeisha.

Mwalimu, babu yetu wa Marangu ana ule ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Tukimpakia kwenye gari kushuka Moshi kliniki, ile barabara ya vumbi ya kutoka nyumbani mpaka lami, anatulia kabisa, anaongea, hata mkono unapunguza. Akifika kliniki daktari anamkuta mzima. Je tumtafutie mashine ya kumtikisa nyumbani?

Aisee mko kwenye kampani nzuri. Miaka ya 1800 huko Paris, daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière aliambiwa hicho hicho na wagonjwa wake, kwamba wakisafiri kwa treni au gari la farasi wanajisikia afadhali. Hakuwapuuza, akatengeneza kiti kinachotetemeka, mwaka 1892 akakieleza, wagonjwa wanakaa nusu saa wanashuka wepesi. Akafa mwaka uliofuata na kiti kikasahaulika.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, wakakirudia kwa haki. Wagonjwa 23, kiti, nusu saa kila siku kwa mwezi, wengine kiti kinatetemeka na wengine wanasikiliza tu sauti ya kutuliza. Wote wakapata nafuu, waliotikiswa na wasiotikiswa, bila tofauti ya maana. Kwa hiyo nafuu ya babu msiibeze, ipo, ila inawezekana kabisa inatoka kwenye kutoka nyumbani, kukaa mbele, kuona watu, wajukuu wote mko naye. Hela ya mashine wekeni mafuta mumtembeze. Na mrekodini kwenye simu akiwa nyumbani siku mbaya, daktari aone.

Mimi ni bodaboda wa Usa River. Nikimaliza mzunguko mrefu kidole kidogo na cha pembeni yake vinafanya sisimizi. Ni neva zinakufa?

Vikirudi sawa baada ya dakika kadhaa ni uchovu, wapokeaji wa mtetemo wamechoka wameacha kupiga simu. Ila vidole hivyo viwili hasa ni vya neva inayopita kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole kidogo, unaulalia usukani. Badilisha mkao, funga sponji kwenye mikono ya pikipiki, na ukianza kuangusha funguo hiyo sio sisimizi tena, nenda hospitali.

Habari za kazi mwalimu. Baba yangu ana miaka 66, yuko Kiboroloni, ana sukari mwaka wa 14 na nyayo zimekufa ganzi. Kuna duka Arusha wanauza mashine ya kusimama inatetema laki tisa na nusu, wamesema imethibitishwa inaotesha neva upya na wameweka maneno yako. Tumeshachanga laki sita. Tununue?

Nzuri binti yangu. Msinunue kwa sababu hiyo, na hizo laki sita zina kazi nyingine.

Kwanza baba amepimwa nyayo lini? Kuna kipimo kinatumia mtetemo wenyewe na kinachukua dakika. Daktari anachukua chuma chenye meno mawili kama uma, anakigonga kinalia, kinatetema mara 128 kwa sekunde, anaweka kitako chake kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu na kumwambia mzee afumbe macho aseme kinapoacha kutetema. Mimi nimeona kikifanywa kwa shemeji yangu. Kwenye mkono alisema "bado... bado... sasa". Kwenye kidole gumba alisema "hujaweka", na kilikuwa kimeshawekwa kinavuma. Wote tulikaa kimya mle chumbani. Nyuzi zinazobeba mtetemo ni zile nene zenye myelini, na kwa mwenye sukari ncha za mbali ndo zinaanza, ndo maana ni nyayo na sio mapaja.

Mashine zenyewe, kuna majaribio madogo kwa watu wenye sukari, wengine walipunguza maumivu, wengine walisimama imara zaidi, na hilo linaeleweka, misuli inafanya kazi ukitikiswa, na mtetemo unazubaisha maumivu kama unavyosugua goti ulilojigonga. Kuotesha neva upya ni habari nyingine, na sahani yenye seli za panya iliyotikiswa kidogo kuliko unywele haiwezi kuwa ushahidi wa mzee wa kilo 80 anayetikiswa mpaka meno yanagongana. Kinachoua neva za baba ni sukari kukaa juu miaka yote hiyo. Ukiitikisa sukari inabaki ni sukari.

Kuna hatari pia. Mguu usiosikia ukichubuka kwenye lile bati lenye vipele hataona mpaka soksi inanuka. Na kama macho yameshaguswa na sukari, yale ya kuvuja damu ndani, asipande bila daktari wa macho kukubali. Laki sita nunueni vipimo vya sukari vya kutosha, kiatu kipana chenye sakafu laini, na kioo kidogo cha kuangalia chini ya nyayo kila jioni. Kinachobaki ni nauli za kliniki.

Jumamosi nilipanda Hiace nikaenda Arusha kwenye hilo duka. Kijana wa kule ni mstaarabu, hakunijua, akanipandisha akaweka namba 20, mashavu yakacheza, nikashuka baada ya dakika kumi nyayo zinawasha kama nimekanyaga upupu. Akaniuliza, "Unasikia mzee? Hizo ni neva zinaota." Nikamwonyesha kitambulisho, nikamwonyesha gazeti, nikamsomea sentensi nzima na ile nusu waliyokata. Akasoma mara mbili, akasema kweli mwalimu, tumekosea, tutairekebisha. Alafu akafungua droo nikaona vipeperushi vimepangwa mpaka juu, akasema, "Ila hizi mia tano zilishatoka kiwandani, si ziishe kwanza?"